Pointi za mchoro hutoka wapi?

Katika somo la hesabu jibu ni sawa ama si sawa, mwalimu apende asipende. Lakini kijana anayesoma sanaa anapeleka mchoro wake, anarudishiwa 9 juu ya 20, na mara nyingi haelezwi kwa nini. Katika vyuo vyetu vya Kongo, 10 juu ya 20 ndiyo kupita. Pointi moja iliyokosekana inaweza kumrudisha kwenye mtihani wa pili, hata kwenye mwaka ambao wazazi wataulipia tena.

Wengi wetu hukimbilia kusema ni upendeleo. Upendeleo upo, na rushwa ipo, hatutaifunika. Lakini hata mwalimu mwadilifu ana jicho lake: huyu hupenda rangi kali, mwenzake hupenda mstari mtulivu. Wape mchoro mmoja, kila mtu peke yake, pointi zinaweza kuachana mbali.

Kinachoharibika kwanza ni kazi yenyewe. Mwanafunzi asiyejua anapimwa kwa nini huanza kumsoma mwalimu badala ya kutazama kile anachochora. Anawauliza waliomtangulia: "Prof huyu anapenda nini?" Mwisho wa mwaka michoro ya darasa zima inafanana kama sare za shule. Tena, aliyeanguka katika kemia husema, "Sikusoma vya kutosha." Aliyeanguka katika uchoraji husema, "Sina kipaji," na wengine huweka brashi chini kabisa. Hata aliyepewa 16 bila maelezo hajui arudie nini.

Je, dawa ni kuandika masharti makali? Tukumbuke Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha pale karakana iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige Ulaya, wala waigane. Pilipili Mulongoy alijulikana kwa samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi, na Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Karatasi ya masharti yenye mstari wa "matumizi ya brashi" ingempa Bela sifuri!

Kwa hiyo tunaona afadhali kutenganisha mambo. Uwiano wa mwili, mwanga na kivuli, kukausha udongo bila kupasuka, kumaliza kwa wakati: haya yanapimika, na mwanafunzi aambiwe kabla ya kuanza kila jambo lina pointi ngapi. Sehemu inayobaki, ile ya ladha, isiachiwe mtu mmoja. Walimu wawili au watatu waandike pointi zao kabla ya kusikilizana (wakisikilizana kwanza, mkubwa ndiye atakayeamua), kisha mwanafunzi aeleze alichokusudia, naye apewe sababu kwa maandishi. Bela angehukumiwa kwa alichokusudia, si kwa chombo alichotumia.

Wazazi wa makanisa yetu wenye watoto katika masomo haya, msiulize tu "Umepata ngapi?" Ulizeni pia, "Wamekuambia nini juu ya mchoro?" Kama hakuambiwa kitu, amwendee mwalimu kwa heshima, mchoro mkononi, aombe maelezo. Na afanye hivyo mapema, kabla siku za kupokea malalamiko hazijafungwa.