Wanamichezo Waliojenga Jina la Kenya (3): Avtar Singh Sohal, Beki wa Mpira wa Magongo

Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa mwaka 1938, ni beki ambaye miaka yake uwanjani inakwenda sambamba na enzi bora ya mpira wa magongo nchini Kenya. Mchezo huu ulistawi Nairobi katika vilabu vya jamii za Waasia, hasa Wasikh na Wagoa. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne 1956, timu ya magongo ilikuwemo. Mwaka uliofuata Avtar aliingia timu ya taifa.

Kazi ya beki wakati huo ilikuwa nzito. Timu ilipangwa na washambuliaji watano, viungo watatu na mabeki wawili tu mbele ya kipa. Gongo huruhusiwa kugusa mpira kwa upande wake bapa pekee, kwa hiyo mshambuliaji anayepita kushoto kwa beki humlazimu kuligeuza gongo ndipo aupate mpira. Aliyechelewa kupanga miguu alikuwa ameshapitwa. Sheria ya kuotea, iliyofutwa miaka ya 1990, iliwataka pia mabeki wapande na kurudi kwa pamoja. Isitoshe, mechi zilichezwa kwenye nyasi za kawaida, ambako mpira hudunda bila kutabirika.

Katika mazingira hayo Avtar alicheza Olimpiki nne. Kenya ilikuwa ya saba Roma 1960. Yeye akiwa nahodha, ilishika nafasi ya sita Tokyo 1964, ya nane Mexico 1968 na ya 13 Munich 1972. Kilele kilikuwa Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa 1-0 na wenyeji Uhispania, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India, 2-1, baada ya muda wa nyongeza. Nafasi hiyo ya nne haijawahi kufikiwa tena.

Alipostaafu mwaka 1972 alikuwa ameichezea Kenya mechi 167 za kimataifa, idadi iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye aliifundisha timu ya taifa.

Baada yake Kenya ilishuka, na sababu zake zinajulikana. Wachezaji wengi wa jamii za Waasia walihamia ng'ambo. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na hiyo ya 1976, Montreal, ndiyo iliyoanzisha nyasi bandia, zilizoufanya mchezo kuwa wa kasi na wa gharama kubwa. Kenya ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika Nairobi mwaka 1987, ikacheza Seoul 1988, lakini tangu hapo timu ya wanaume haijarudi Olimpiki.