Mwaka wa Ukame na Damu ya Ajuza

Katika nchi ya Wasukuma, kusini ya ziwa Viktoria, mwanamke aliyepika umri wake wote kwa kuni mbichi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, aghalabu huufikia uzee macho yake yakiwa mekundu; na wekundu huo, ambao tabibu hujua kuwa ni madhara ya moshi, jirani aliyeingiwa na hofu huuita alama ya uchawi. Kwa alama hiyo wamekatwa mapanga vikongwe wengi. Elimu ya jamii inatutaka tuulize maswali mawili: kwa nini yeye, na kwa nini mwaka ule?

Mwaka 2005 Edward Miguel, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alichapisha utafiti wake wa vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, katika nchi hiyo hiyo ya Wasukuma, ambayo siku zile ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na leo imo Simiyu. Alipolinganisha hesabu ya mauaji na kiasi cha mvua, aliona kwamba katika miaka ya ukame au gharika waliouawa kwa tuhuma za uchawi walikuwa mara mbili ya wale wa miaka mingine, ilhali mauaji ya namna nyingine hayakuzidi. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wazee, na aghalabu waliuawa na jamaa zao wenyewe.

Hapo ndipo siri ilipo. Ghala likiwa tupu, kila tumbo huhesabiwa. Na ajuza mjane, ambaye jembe limemshinda, asiye na mume wa kumtetea, na ambaye wanawe wa kiume wamekwenda mbali kutafuta riziki, huwa wa kwanza kuonekana mzigo. Imani ya uchawi huipa njaa jina na sura, na mpiga ramli humwelekeza mtu kwa yule ambaye nyumba ilikwisha kumchoka. Kwa hiyo panga huja mwisho. Ufukara, ujane na uzee vimekwisha kumchagua.

Wala madhila hayo hayaishii kaburini. Wajukuu aliokuwa akiwalea hukosa mlezi. Majirani waliosikia ukelele usiku hunyamaza kwa hofu, na kimya chao huwalinda wauaji. Na vikongwe waliobaki huogopa kumzuru mgonjwa au kumpakata mtoto mchanga, wasije wakasingiziwa kesho akifa. Mtu mmoja huuawa, kijiji kizima kikapoteza amana yake.

Dawa yake, basi, haiwezi kuwa kitanzi cha hakimu peke yake. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuwapa wazee wote waliotimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kila mwezi, masikini kwa tajiri, ilitenda jambo lenye maana kubwa kuliko kiasi cha fedha zenyewe, maana mzee aingizaye kitu nyumbani si rahisi kuhesabiwa mzigo. Atakaye kumlinda ajuza wa Meatu asingoje mwenye panga afike mlangoni: na aanze jikoni, kwa meko yenye bomba la kutolea moshi, kisha aende ghalani, mwezi wa njaa ungali mbali.