Kwa Nini Dawa ya Presha ya Macho Huachwa Njiani

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Aina yake iliyoenea zaidi haiumi wala haiwashi. Uoni huanza kupungua pembeni, tena jicho moja huficha upungufu wa jingine, hata mgonjwa akadhani yu mzima. Uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Hapo ndipo kilipo chanzo kikuu cha watu kuacha dawa. Mwenye malaria humeza vidonge akapata nafuu. Mwenye glakoma hutia matone, jicho likamchoma na kuwa jekundu, na asubuhi haoni vizuri zaidi ya jana. Chupa ikiisha, huamua kwamba dawa haifai. Si haki kumwita mzembe ikiwa hakuna aliyemweleza kuwa matone hayo hayarudishi uoni bali hulinda uliobaki, na kwamba kwa kawaida hutumiwa maisha yote.

Gharama nayo ni kikwazo kikubwa, ingawa sehemu yake humwagika shavuni. Jicho halina nafasi ya zaidi ya tone moja kwa wakati mmoja. Chupa ya latanoprosti ya mililita 2.5 hutoa takriban matone 80. Anayetia tone moja katika kila jicho kila usiku hutumia 60 kwa mwezi. Anayetia mawili mawili huishiwa siku ya 20, kisha hukaa bila dawa hadi apate fedha nyingine. Mzee ambaye mikono yake hutetemeka na alale chali, au mtu wa nyumbani amtilie. Baada ya kutia dawa, jicho lifumbwe na kona yake ya ndani, karibu na pua, ibonyezwe taratibu kwa dakika 1 au 2. Zikiwapo dawa mbili, zipishane kwa dakika 5.

Wako pia wanaoacha kwa sababu ya madhara ya kweli. Timololi, kwa mfano, yaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Mgonjwa wa namna hiyo amwone daktari mara moja, kwani zipo dawa za aina nyingine, na yapo pia matibabu ya leza na upasuaji.

Jambo lisilosemwa sana ni desturi ya kutia dawa siku chache tu kabla ya kliniki. Kipimo cha presha huonekana kizuri, ilhali mshipa umekuwa ukiharibika miezi yote iliyotangulia. Daktari, akiona uoni unapungua japo presha i shwari, huenda akaongeza dawa ya pili, yaani gharama ya pili, ambayo pengine haikuhitajika. Mgonjwa ataje waziwazi siku alizoruka na sababu yake, na aende na chupa yake hata kama ni tupu tangu mwezi uliopita.