Je, Wajua? Miaka 30 kwa Kiroba Kimoja

Je, wajua kwamba bangi iliijua njia ya misafara kabla ya sheria za kimataifa za kuidhibiti? Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, na Burton aliandika habari za wavutaji aliowaona safarini. Udhibiti wa kimataifa ulikuja mwaka 1925 huko Geneva.

Je, wajua sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inamwita nani msafirishaji? Anayeuza, ndiyo. Lakini pia anayenunua, anayehifadhi, hata anayempa mwenzake bure. Heroini ikizidi gramu 200, adhabu ni kifungo cha maisha. Ikiwa gramu 200 au chini yake, kifungu cha 15A, kilichoongezwa mwaka 2017, kinataja miaka 30, hata kama ni gramu chache tu. Bangi nayo imo katika kifungu hicho, kwa kiwango chake. Hapa ndipo panaponiuma. Kijana wa miaka 22 aliyekubali kubeba kiroba cha bangi kwa bodaboda kutoka Sikonge hadi mjini, akiitumikia miaka hiyo yote, atatoka ana 52. Mwenye mzigo hajatajwa popote kwenye jalada.

Na kesi yenyewe hubebwa na kiroba hicho: nani alikikamata, kilipimwa kwa mizani gani, lakiri ilipigwa mbele ya nani, kilimfikiaje Mkemia Mkuu wa Serikali. Mahakama ya Rufani imewahi kuwaachia watu kwa sababu mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ulikatika. Wanakuwa wameshakaa gerezani miaka.

Je, wajua mirungi nayo imo katika sheria hiyohiyo, ilhali Meru, nchini Kenya, ni zao halali la biashara?

Je, wajua kwamba msamaha wa Rais kwa kawaida huwaruka wafungwa wa dawa za kulevya? Sheria ya parole ya 1994 nayo inawatenga. Huduma kwa jamii, iliyowekwa kisheria mwaka 2002, inawafaa wenye vifungo visivyozidi miaka mitatu.

Je, wajua Bunge letu limewahi kujirekebisha? Mwaka 1963, chini ya Mwalimu Nyerere, mwanafunzi wa zamani wa Tabora, lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini: viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani, nusu siku ya kutoka. Mwaka 1972 ikafutwa, ikaandikwa upya.

Ghana nayo, mwaka 2020, iliondoa kifungo kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake, ikaweka faini. Sisi tulianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, kwa hiyo tunajua kwamba mraibu hutibiwa.

Siwatetei wakubwa wa heroini. Wamezika watoto wetu, na kifungo cha maisha kinawastahili. Ninachoomba ni hakimu arudishiwe nafasi ya kumtazama aliye mbele yake: umri wake, uzito wa mzigo, kosa la kwanza au la tano.

Mlango wa kurekebisha upo. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti yake. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta muswada binafsi. Waheshimiwa wa Tabora, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua, anzeni na kifungu cha 15A.