Ukiambiwa ‘jadili’, usisimulie hadithi

MTAHINIWA wa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hujibu maswali manne ya fasihi, kila moja likiwa na alama 20, kwa saa mbili na nusu. Wengi wanaoanguka hapo hawaanguki kwa kutosoma kitabu. Huanguka kwa kutosoma swali.

Nasema hivi kutokana na vijana wa Eastlands ninaowasaidia kudurusu wikendi, wengi wao wa Umoja, Kayole na Dandora. Mpe mmoja swali, atakwambia, “Mwalimu, hii kitabu nimeisoma yote!” Na kweli ameisoma. Kisha anaandika kurasa tatu za kusimulia kisa upya, anapata alama sita na kubaki akishangaa. Kilichokosekana ni dai.

Dai ni kauli ambayo msomaji mwingine wa kitabu hicho hicho, mwenye akili timamu, anaweza kuipinga. Ndiyo maana linahitaji kutetewa. Madai, hata hivyo, hayalingani. Tutazame tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo imewahi kutahiniwa katika shule zetu. Humo, kiongozi wa Sagamoyo, Majoka, anafunga soko la Chapakazi. Kuhusu soko hilo moja, mwanafunzi anaweza kutoa kauli za aina nne.

Ya kwanza ni ya ukweli: “Majoka anafunga soko.” Hakuna wa kubisha. Hiyo ni ithibati tu, bado si hoja. Ya pili ni ya sababu na matokeo: “Kufungwa kwa soko kunawachochea raia kumpinga Majoka.” Hapa lazima uonyeshe jinsi jambo moja linavyozaa lingine. Ya tatu ni ya ufasiri: “Soko lililofungwa ni ishara ya uhuru ulioporwa.” Mwandishi hakuyasema hayo waziwazi, kwa hivyo mzigo wa kuyaonyesha ni wako. Ya nne ni ya tathmini: “Mwandishi amefaulu kulitumia soko kuibua mgogoro.” Hapa unatoa hukumu, nayo hukumu hudai kipimo. Amefaulu kwa kigezo gani?

Sasa rudi kwenye swali. Kitenzi chake ndicho kinachokuagiza aina ya dai. ‘Eleza’ na ‘fafanua’ hukutaka ufungue jambo hadi lieleweke. ‘Linganisha’ hukutaka uwaweke wawili kwenye mizani moja, hoja kwa hoja, si ukurasa wa huyu kisha ukurasa wa yule. ‘Thibitisha’ ina maana kwamba dai tayari limetolewa na mtahini. Usibishane naye. Mletee ushahidi.

‘Jadili’ ndiyo huwasumbua wengi. Chukua swali hili nililolitunga: “Majoka ndiye wa kulaumiwa kwa maovu yote ya Sagamoyo. Jadili.” Wengi wataorodhesha maovu ya Majoka na kuweka kalamu chini. Lakini swali lina maneno mawili madogo yenye mtego: ‘ndiye’ na ‘yote’. Je, Kenga, mshauri wake, hana lake? Na walevi wa Mangweni kama Ngurumo, wanaoushabikia utawala huo, wao ni wahasiriwa tu au ni washirika? Mwanafunzi akiyaona maneno hayo mawili, dai lake hujileta: “Majoka ndiye chanzo kikuu, lakini asingetamba bila wanaonufaika naye na wanaomnyamazia.” Hilo linaweza kupingwa, na hoja nzuri sita au saba zinaweza kulitetea.

Kuna jingine linalonikera zaidi. Kijana ambaye mamake anauza mitumba Gikomba, soko ambalo limeteketea mara nyingi, anajua maana ya soko kufungwa kuliko mtoto wa mtaa wa kifahari. Lakini huyaandika hayo ya Gikomba kama jibu, na mtahini hawezi kumpa alama kwa kisa kisichomo kitabuni. Simwambii ayasahau. Namwambia yamsaidie kuona, kisha ushahidi autoe kwa Ashua, kwa Tunu, kwa Sudi. Maisha yake yatamzalia dai, lakini kitabu ndicho kitakachomtolea ushahidi.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika aya ya kwanza, mwanafunzi apige mstari chini ya kitenzi cha swali, azungushie duara maneno kama ‘yote’, ‘pekee’ na ‘ndiye’, kisha aandike sentensi moja ya jibu lake na kumsomea jirani. Jirani akisema, “Si kila mtu anajua hiyo?” bado hajapata dai. Akisema, “Wee, zii! Thibitisha!” basi aanze kuandika.