Je, Wajua? Indiketa Iliyowashinda Simba

Je, wajua kwamba indiketa ya pikipiki huweza kumfukuza simba? Richard Turere, mtoto wa Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alilinda ng'ombe wa babake dhidi ya simba. Moto haukufaa kitu. Uliwamulikia simba zizi. Sanamu ya mtu nayo waliiogopa siku moja tu. Usiku mmoja akizunguka na tochi, hawakuja. Kumbe wanaogopa mwanga unaotembea! Akaunga balbu za tochi mbovu, betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na ile indiketa, taa zikawa zinawaka na kuzima zenyewe, kana kwamba mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, aliyasimulia hayo kwenye jukwaa la mihadhara la TED, California. Safari hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.