Kufufua jina la gari la zamani: Ni mtaji au mzigo?

Mwezi Februari 2007, katika maonyesho ya magari ya Chicago nchini Marekani, kampuni ya Ford ilitangaza uamuzi uliowashangaza wengi. Gari lake kubwa la saluni, Five Hundred, ambalo lilikuwa halijatimiza miaka mitatu sokoni, lingeacha jina hilo na kuanza kuitwa Taurus.

Kilichoshangaza hasa ni kwamba Taurus lilikuwa jina ambalo kampuni hiyo hiyo ilikuwa imelizika muda mfupi uliopita. Gari la mwisho lenye jina hilo lilikuwa limetoka katika kiwanda cha Hapeville, karibu na Atlanta, Oktoba 27, 2006, na kiwanda chenyewe kikafungwa. Haikupita hata miezi minne, jina lililozikwa likafukuliwa.

Tukio hilo linaeleza vizuri jambo ambalo limekuwa la kawaida katika biashara ya magari duniani: kuchukua jina la gari lililokwisha na kulibandika kwenye gari jipya. Wapo waliofanya hivyo wakavuna faida kubwa, na wapo waliogundua kuwa jina zuri haliwezi kubeba gari lisilolistahili.

Taurus la kwanza lilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1985, wakati Ford ikijikongoja kutoka katika hasara ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umbo lake la mviringo lilikuwa tofauti kabisa na magari ya Kimarekani ya wakati ule, ambayo mengi yalikuwa na kona kali mithili ya sanduku. Wanunuzi walilipenda. Mwaka 1992 yaliuzwa zaidi ya magari 400,000 nchini Marekani, nalo likalipiku Accord la kampuni ya Honda na kuwa gari la saluni linaloongoza kwa mauzo nchini humo, nafasi iliyoshikiliwa hadi mwaka 1996.

Hata hivyo, toleo la mwaka 1996 lililochorwa kwa umbo la yai, kuanzia taa hadi kioo cha nyuma, halikuwavutia wateja wengi. Mwaka uliofuata Camry la Toyota lilitwaa uongozi. Badala ya kuwekeza fedha za kutosha katika toleo jipya, Ford ilielekeza nguvu zake kwenye pikapu na magari makubwa yenye uwezo wa kupita njia mbaya, ambayo yalikuwa na faida nono zaidi. Taurus likaachwa lizeeke, likinunuliwa zaidi na kampuni za kukodisha magari.

Wakati huo huo kampuni ilikuwa na utaratibu wa kuyapa magari yake madogo na ya familia majina yanayoanza na herufi F: Focus, Fusion, Freestyle, Freestar na Five Hundred. Magari makubwa ya kupanda milima yalipewa majina ya herufi E, kama Escape, Explorer na Expedition. Utaratibu huo ulipendeza kwenye karatasi, lakini sokoni ulizaa majina mapya ambayo mteja alilazimika kufundishwa moja baada ya jingine.

Five Hundred lenyewe lilikuwa na asili ya kizamani. Tarakimu 500 ilikuwa imetumika katika magari ya Ford ya miaka ya 1950 na 1960, Fairlane 500 na Galaxie 500. Lakini kizazi kilichoyakumbuka magari hayo kilikuwa kimezeeka, na kwa kijana aliyekwenda kununua gari mwaka 2005 jina hilo halikuwa na maana yoyote. Gari lilikuwa pana, salama na limejengwa juu ya msingi uliotokana na magari ya Volvo, kampuni iliyokuwa mali ya Ford wakati huo. Hata hivyo injini yake ya nguvu za farasi 203 ilionekana dhaifu, na mauzo yakashuka mwaka 2006.

Hapo ndipo alipoingia Alan Mulally. Mtendaji huyo alitoka katika kampuni ya ndege ya Boeing na kukabidhiwa uongozi wa Ford Septemba 2006. Akiwa Boeing, ambako aliongoza mradi wa ndege ya 777, alikuwa amejifunza namna timu ya Ford ilivyolibuni Taurus la kwanza kwa kuwakutanisha mafundi, wachoraji na wauzaji tangu mwanzo wa kazi. Kwake yeye Taurus halikuwa gari tu, bali mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Alipokuta jina hilo limetupwa, alihoji kwa nini kampuni itumie miaka na fedha nyingi kulijenga jina, kisha iliache na kuanza upya.

Swali hilo lilikuwa na uzito kwa sababu hali ya kampuni ilikuwa mbaya. Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12 za Marekani mwaka 2006. Mwishoni mwa mwaka huo ilikopa zaidi ya dola bilioni 23, na miongoni mwa mali ilizoweka rehani ni viwanda vyake pamoja na nembo yake maarufu ya duara la buluu lenye neno Ford. Haki ya nembo hiyo ilirejea mikononi mwa kampuni Mei 2012.

Kwa maneno mengine, wakopeshaji walikubali jina kuwa dhamana ya deni, kama vile mkulima anavyoweka hati ya shamba benki. Jina linalojulikana lina thamani ya fedha, kwa kuwa kumtambulisha mteja kwa jina jipya kunahitaji matangazo mengi kwa muda mrefu, na hata baada ya hapo hakuna uhakika kwamba atalikumbuka. Jina la zamani tayari limo kichwani mwake. Huenda baba yake alikuwa na gari hilo, au alijifunzia kuendesha katika gari hilo.

Ipo pia sababu ya kisheria. Jina la gari ni alama ya biashara, na alama isiyotumika inaweza kupotea. Sheria ya Marekani inachukulia kuwa alama ambayo haikutumika kwa miaka 3 mfululizo imetelekezwa, isipokuwa mwenye nayo athibitishe vinginevyo. Katika Umoja wa Ulaya muda huo ni miaka 5.

Ford yenyewe iliwahi kuonja machungu hayo. Ilipoamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulirudisha gari lake la mashindano la GT40, lililoshinda mbio za Le Mans mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1966, ilikuta kwamba haki ya jina hilo iko mikononi mwa kampuni ndogo ya vipuri huko Ohio. Makubaliano hayakupatikana. Gari likaingia sokoni mwaka 2004 likiitwa Ford GT, bila tarakimu ambazo zilikuwa nusu ya sifa yake.

Pamoja na faida hizo, jina la zamani huja na deni lake. Anayelitumia hutoa ahadi kwamba gari jipya litafanana kwa namna fulani na lile linalokumbukwa. Mnunuzi asipoiona ahadi hiyo ikitimizwa, hasira yake huwa kubwa kuliko kama gari lingepewa jina geni.

Mfano ulio wazi ni Pontiac GTO. Gari la asili lilitoka mwaka 1964 na likawa alama ya vijana wa Marekani waliopenda mwendo kasi. Kampuni ya General Motors ililirudisha jina hilo kwa toleo la mwaka 2004, ikilitumia kwa gari la Holden Monaro lililotengenezwa Australia. Injini yake ilikuwa na nguvu za kutosha, ila umbo lake lilikuwa la kawaida mno kwa watu waliolikumbuka GTO la zamani. Lilidumu sokoni kwa miaka mitatu tu, na mwaka 2010 Pontiac yenyewe ikafutwa.

Kwa upande mwingine, Fiat ya Italia ilionyesha namna jambo hilo linavyoweza kufanywa kwa ufanisi. Gari lake dogo la 500 lilizinduliwa Julai 4, 1957 na kutengenezwa hadi mwaka 1975. Julai 4, 2007, miaka 50 kamili baadaye, kampuni ilizindua 500 jipya mjini Turin. Kiufundi magari hayo mawili hayana udugu: la zamani lilikuwa na injini ndogo ya sentimita za ujazo 479 iliyokaa nyuma, na jipya lina injini mbele. Lakini sura, udogo na haiba ya gari vilibaki vile vile. Lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2008.

Afrika Mashariki nayo inalo jina lake katika orodha hii, ingawa ni la familia nzima ya magari badala ya gari moja. Datsun lilijengewa sifa katika matope na vumbi la mashindano ya Safari Rally, likishinda mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 likiendeshwa na Shekhar Mehta wa Kenya. Katika miaka hiyo ya 1980 Nissan ilianza kuliondoa jina hilo ili magari yake yote yaitwe Nissan.

Mwaka 2013 Nissan ililifufua Datsun kwa kuzindua gari la bei nafuu la Go jijini New Delhi, India. Lakini Novemba 2014 shirika la Global NCAP lilitangaza kuwa gari hilo halikupata hata nyota moja kwa usalama wa abiria wa viti vya mbele katika jaribio la kugonganishwa, na kwamba bodi yake haikuwa imara. Mwaka 2022 Nissan ilisitisha tena matumizi ya jina hilo. Jina lililojulikana kwa ugumu lilikuwa limewekwa kwenye gari lililoshindwa katika jambo hilo hilo.

Je, Taurus liliangukia upande gani? Ford haikubadilisha jina peke yake. Gari lililoanza kuuzwa mwaka 2007 kama toleo la 2008 lilipewa injini mpya ya lita 3.5 yenye nguvu za farasi 263 na giaboksi ya gia sita. Hata hivyo mwili wake ulikuwa ule ule wa Five Hundred, na wanunuzi walilitambua. Toleo lililochorwa upya kabisa lilionyeshwa mwanzoni mwa mwaka 2009 na kupokewa vizuri zaidi.

Lakini enzi za kuuza magari 400,000 kwa mwaka hazikurudi. Hakuna mwaka hata mmoja baada ya kubadilishwa jina ambapo mauzo ya Taurus nchini Marekani yalifika 100,000. Soko lenyewe lilikuwa limehama. Wamarekani walikuwa wakiyaacha magari ya saluni na kununua yale ya juu juu, na hakuna jina ambalo lingeweza kuuzuia mkondo huo. Machi 2019 uzalishaji wa Taurus nchini Marekani ulikoma kwa mara ya pili.

Jina, hata hivyo, halikufa. Katika nchi za Ghuba, zikiwamo Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Oman, Ford iliendelea kuuza Taurus katika miaka ya 2020, safari hii likiwa gari lililotengenezwa China. Na kampuni hiyo hiyo, iliyoonekana kuharakisha mambo mwaka 2007, ilisubiri miaka 24 kabla ya kulirudisha Bronco, gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1996. Lilipozinduliwa upya Julai 2020, lilikuja na paa na milango inayong'olewa, na uwezo wa njia mbaya ambao ndio uliolipa jina hilo heshima tangu miaka ya 1960.

Kwa mnunuzi wa kawaida, hasa wa gari lililokwisha kutumika, suala hili lina upande wa mfukoni. Taurus la mwaka 2006 na la mwaka 2008 yana jina moja, lakini ni magari mawili tofauti kuanzia msingi hadi injini. Anayeagiza kipuri kwa kutaja jina pekee anaweza kuletewa kisichoingia. Mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasisi ndivyo vinavyolitambulisha gari bila utata.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina la zamani linaweza kumfikisha mteja hadi mlangoni mwa duka. Akishaketi nyuma ya usukani, ni gari lenyewe linaloamua kama atalinunua.